Zamu ya Bosi

Mlango ulifunguliwa bila hodi, na papo hapo mguu wa mwanasesere ukachomoka na kubaki mkononi mwa Twiga.

Mwanamke mzee aliyesimama mlangoni alikuwa na mtoto mgongoni na mfuko wa plastiki mkononi. Hakuna aliyemfahamu, na hakuna aliyekuwa akimtarajia. Aliutazama ule mguu. Akamtazama mwanasesere aliyelala chali juu ya godoro la mazoezi, akitabasamu kama vile hakuna kilichotokea. Kisha akawatazama vijana wa sare nyeupe waliokaa sakafuni bila viatu, miguu wameikunja, kama darasa la chekechea lililokua kwa bahati mbaya.

"Nimeambiwa hapa ndipo kwa watu wa viungo," alisema. "Sikuambiwa kwamba ndio mnaovichomoa."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Twiga alijaribu kuurudisha mguu mahali pake, ukaingia kinyume, kisigino kikaja mbele. Akauchomoa tena na kuuficha mgongoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Usiufiche, nimeshauona."

Jina la Twiga alipachikwa siku yake ya kwanza chuoni, alipoingia darasani akagonga kichwa kwenye taa. Alikuwa msichana mrefu kupita wavulana wote wa darasa lake, na mama yake, aliyekuwa fundi cherehani, alilazimika kuongeza kipande cha kitambaa chini ya kila suruali yake ya sare, kwa sababu hakuna duka lililowahi kumfikiria mtu kama yeye. Sasa alikuwa mwaka wa mwisho wa fiziotherapia, tiba ya viungo. Mwanasesere naye alikuwa na jina. Wanafunzi walimwita Mvumilivu, maana vizazi na vizazi vilikuwa vimemkunja, vimemnyoosha na kumgeuza, na hajawahi kulia, kupiga teke wala kumwita mama yake. Mwalimu alikuwa akisema kwamba hiyo ndiyo kasoro yake kubwa.

Mwalimu mwenyewe sasa alijisogeza kuelekea mlangoni kwa kukokota makalio, bila haya hata kidogo. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, na magoti yake yalikuwa yakitoa mlio kila alipochuchumaa. Katika chumba hiki cha kufundishia alikuwa na sheria moja asiyoilegeza kwa mtu: mtu mzima haruhusiwi kusimama. Viatu vinabaki mlangoni, na anayetaka kwenda kona ya pili atambae. "Mtoto anaishi huku chini," aliwaambia kila mwaka. "Ukitaka kumtembelea mtu, unakwenda nyumbani kwake."

"Karibu sana, Bibi," alisema. "Bahati mbaya leo si siku ya kliniki ya watoto. Leo hawa wanajifunza."

"Basi wajifunze. Mtoto si huyu hapa? Au nimchomoe mguu kwanza ndipo afanane na wa kwenu?"

Mwalimu alicheka mpaka akashika ubavu. "Ingia, Bibi. Vua viatu, kaa nasi chini."

"Nikikaa chini, kuninyanyua ni kazi ya ukoo mzima."

"Ukoo huu hapa," Mwalimu alisema, akiwaonyesha wanafunzi wake.

Bibi alishuka kwa awamu, akimtaja Mungu katika kila awamu, na alipofika sakafuni akafungua kitambaa cha mgongoni. Akatoka mtoto wa kike ambaye bado hajafika umri wa kuanza shule, mwembamba, mwenye macho ya kukagua. Alitazama dari, godoro, vyuma viwili vya kushikia wakati wa kujifunza kutembea, kisha Mvumilivu na pengo lake.

"Huyu ndiye Bosi," alisema Bibi. "Jina analo, lakini nyumbani hakuna anayethubutu kulitumia."

Kutoka kwenye mfuko wa plastiki alitoa jozi ya viatu vidogo na kumkabidhi Mwalimu, kama mtu anayetoa ushahidi. Mbele, kwenye vidole, vilikuwa vimetoboka. Nyuma, soli ya kisigino ilikuwa mpya kabisa, hata mistari yake haijafutika.

"Alizaliwa kabla ya siku zake," Bibi alieleza. "Miguu ikawa migumu. Sasa anatembea kwa ncha za vidole kama mwizi anayetoka jikoni. Mama yake anashinda kazini, mimi ndiye ninayezunguka naye. Kisigino chake hakijui hata ardhi inafananaje."

Viatu vilipitishwa kutoka mkono hadi mkono. Vilipomfikia Twiga, alivigeuza chini juu. Haya yote alikuwa ameyasoma. Alijua jina la kila msuli uliokuwa ukikivuta kisigino kile juu. Alijua pembe inayotakiwa kupimwa na namna ya kuipima.

"Twiga," Mwalimu alisema kwa upole, "hebu mwangalie."

Ng'ambo ya ua wa chuo kulikuwa na kliniki ya watoto, jengo lenye madirisha mapana ya vioo, ambayo kila mwaka ilichukua mhitimu mmoja tu: yule aliyeongoza mtihani wa vitendo wa watoto. Tangu mwaka wa kwanza Twiga alikuwa akipunguza mwendo kila apitapo pale. Aliona mtoto akijivuta hadi kwenye mpira mkubwa, au mwingine akijaribu kusimama, akianguka, akijaribu tena, na alihisi kitu kikimpanda kifuani ambacho hakuwa na jina lake. Hakutaka kazi nyingine. Tatizo lilikuwa moja, na halikuwa dogo: watoto walimwogopa. Alikuwa amepelekwa wodini mara kadhaa kujizoeza, na kila mara kitanda baada ya kitanda kililipuka kwa kilio. Rafiki yake Profesa, kijana mfupi wa miwani aliyejulikana kwa kujibu hata maswali ambayo hajaulizwa, alijaribu kumfariji. "Usijilaumu. Mtoto amelala zake, ghafla anaona mnara wa simu unamjia."

Kwa hiyo siku hiyo Twiga aliazimia kutofanya kosa hata moja. Alitambaa hadi kwa Bosi. Alitabasamu. Akasema, "Hujambo?" Na kabla jibu halijaja, akawa ameshashika kifundo cha mguu kwa mkono wa kushoto na kuweka juu yake kile kipimo cha chuma chenye mikono miwili kinachofunguka na kufunga. Kipimo kilikuwa kimeshinda juu ya meza ya chuma, na kilikuwa baridi. Kilifanana na mkasi.

Bosi hakulia mara moja. Kwanza alikitazama kipimo, kisha mguu wa Mvumilivu uliokuwa pembeni, peke yake, bila mwenyewe. Akapiga hesabu zake za kitoto. Halafu akapiga ukelele uliofanya watu wa korido nzima wachungulie.

Na hapo Twiga, kwa kuchanganyikiwa, alifanya kosa la pili. Alisimama.

Alisimama wima, na kwa mtoto aliyekuwa sakafuni ilikuwa kama nyumba imeamka. Bosi alijichimbia kwenye mapaja ya Bibi na kilio kikapanda daraja.

"Twiga," alisema Mwalimu bila kupandisha sauti. "Kaa."

Alikaa. Alitamani sakafu impokee.

"Umekosea wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Mikono baridi," alijibu kwa sauti ndogo. "Na sikumwonyesha kipimo."

"Hilo ni la mwisho. La kwanza je?"

Mwalimu alimwashiria Twiga alale chali juu ya godoro. Kisha akamnong'oneza Profesa sikioni. Twiga alikuwa bado anaitazama dari, akijiuliza kinachoendelea, mara mkono ukamkamata kisigino, mkono mwingine ukabana goti, na mguu wake mrefu ukapandishwa juu bila neno lolote. Ulipandishwa sawasawa kama kitabu kinavyotaka. Haukuumia. Lakini kila msuli wake ulikakamaa, vidole vikashika godoro, na pumzi ikasimama.

"Ulikuwa unafikiri nini?" Mwalimu aliuliza baada ya Profesa kumwachia.

"Nilikuwa nafikiri ataniachia lini."

"Basi." Mwalimu aliwageukia wengine. "Mvumilivu hawezi kuwafundisha hilo. Kuanzia leo hakuna atakayemnyoosha mtoto kabla hajanyooshwa yeye."

Kilio kilikuwa kimenyamaza. Bosi alikuwa amechomoza jicho moja kutoka kwenye mapaja ya Bibi na kuushangaa ule mguu usiokwisha.

"Ameumia?" aliuliza.

"Muulize mwenyewe," alisema Bibi.

Bosi alifikiri. "Wewe, mrefu. Umeumia?"

"Hapana," alisema Twiga, bado chali, bila kuthubutu kujigeuza. "Nimeogopa tu."

"Mbona wewe ni mkubwa?"

"Hata wakubwa wanaogopa wakishikwa ghafla."

Jibu hilo lilimwingia. Bosi alijivuta karibu kidogo kidogo, akiegemea mikono, na kumnyooshea Profesa kidole. "Toka hapo. Hujui. Nataka mimi."

Profesa alitoka. Hakuna aliyemcheka kwa sauti, ila wenzake walihifadhi neno lile na kulitumia dhidi yake mpaka mwisho wa mwaka.

Hivyo ndivyo mkataba ulivyoanza. Mwalimu alisugua viganja vyake ili kumwonyesha Bosi namna ya kuipasha moto mikono. Bosi akasugua vyake, akavipulizia, kisha akaviweka shavuni mwa Twiga na kuuliza kama vina baridi. Akashika kisigino kile kikubwa kwa mikono miwili. "Usikaze," alisema, maana alikuwa amewasikia wanafunzi wakiambiana hivyo. "Nikikuumiza sema." Alipomaliza kwa kuridhika, alikaa chini mwenyewe, akanyoosha mguu wake mdogo mbele ya Twiga na kuuacha hapo.

Safari hii Twiga alipasha mikono moto mpaka viganja vikawasha. Alimpa Bosi kile kipimo akifungue na kukifunga, ampime Bibi pua, na wakakubaliana kwamba pua ya Bibi ilikuwa na pembe nzuri. Ndipo akaugusa mguu. Ulikuwa mgumu, lakini haukumkimbia.

Bibi alipokuwa akinyanyuliwa na ukoo mzima ili aondoke, Bosi alimvuta Twiga kwenye kile kitambaa cha chini ya suruali.

"Nikija tena, naanza mimi?"

"Unaanza wewe."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Hata Mwalimu akikataa?"

Twiga alimtazama Mwalimu, ambaye ghafla alipata kazi ya kukunja mashuka. "Hata akikataa."

"Hata akija rais?"

"Hata akija rais, unaanza wewe. Nimekuahidi."

Bosi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyetia sahihi.

Wakawa wanakuja kila wiki. Mwalimu alipanga kwamba mtoto huyo awe wa Twiga hadi mtihani, na mtihani wenyewe afanye naye. Bibi aligeuka kuwa sehemu ya darasa: alikaa kwenye mto ukutani, akawa anawakosoa wanafunzi wote bila ubaguzi. "Wewe unamshika mtoto kama unakamua nguo." "Wewe mwenye miwani, punguza maneno, mtoto hajaja kuhutubiwa." Na Twiga, ambaye mwanzoni alilala chini kwa sababu ameahidi, alianza kuona jambo.

Ili Bosi aufikie mguu ule vizuri, Twiga alikuwa akiupandisha juu ya mto mrefu wa mazoezi. Bosi alisimama mbele ya unyayo, akaweka viganja vyote viwili juu yake na kusukuma kwa nguvu zake zote, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, kama mtu anayesukuma gari lililozima. Na katika kule kusukuma, kisigino cha mguu wa nyuma, kile ambacho hakikujua ardhi inafananaje, kilikuwa kikishuka. Kilishuka taratibu, kikitetemeka, mpaka kikaigusa sakafu. Hakuna aliyemwambia akishushe. Yeye alikuwa kazini, alikuwa na mgonjwa wa kuhudumia.

Mara ya kwanza Twiga alipokiona, alilala pale akiitazama dari, machozi yakimteremka masikioni.

"Nimekuumiza?" Bosi aliuliza kwa ukali.

"Hapana. Endelea, daktari."

"Mimi si daktari. Mimi ni Bosi."

Jioni hiyo alimsimulia mama yake, ambaye alikuwa akishona shati kwenye cherehani. Mama alisikiliza hadi mwisho, pini zikiwa mdomoni.

"Kwa hiyo nimekusomesha miaka yote hii," alisema alipozitoa, "ili ukalale chini unyooshwe na mtoto."

"Ndiyo, Mama."

"Na unafurahi."

"Sana."

Mama alirudi kwenye shati lake. Baada ya muda alisema, bila kugeuka, "Utafiti wangu unaonyesha sare zako zinachafuka mgongoni. Sasa nimeelewa." Na akacheka peke yake mpaka cherehani ikasimama.

Mtihani ulipokaribia, Mwalimu alimwita Twiga pembeni, kwenye benchi la uani.

"Mtahini anatoka chuo kingine," alimwambia. "Ana karatasi yake na ana saa yake, na vyote viwili havina masihara. Utamkaribisha mtoto, utanyoosha na kupima kifundo, kisha utamtembeza kwenye vyuma. Kutembea ndiko kwenye alama nyingi. Usipofika hapo hutafeli, kwa sababu kazi yako ya mwaka ni nzuri, lakini kuongoza usahau. Na unajua kinachotegemea kuongoza."

"Najua."

"Ile zamu ya Bosi ni ndefu. Imalizeni nje, kabla hamjaingia. Akiingia awe ameshamaliza na wewe."

Lilikuwa wazo zuri, na Twiga alilishika. Alimwomba Bibi wafike mapema. Siku yenyewe alikuwepo koridoni kabla hata mfagiaji hajamaliza, na sare mpya ambayo mama yake alikuwa ameishona kwa kitambaa kimoja tangu kiunoni hadi kwenye kisigino, bila kiungo. "Nimeipiga pasi mpaka bega linauma," Mama alikuwa amemwonya. "Leo tu, nakuomba, usigaegae."

Alingoja. Wanafunzi waliotangulia waliingia na kutoka. Profesa alitoka akiwa na jasho puani, lakini anatabasamu. Mtoto wake alikuwa ametembea kwenye vyuma mpaka mwisho na kumpungia mtahini mkono. "Umebaki wewe," alisema. "Wananong'ona kwamba ni mimi au wewe." Na kwa kuwa alikuwa rafiki wa kweli, akaongeza, "Bora uwe wewe. Mimi watoto wananiamrisha mno."

Twiga alitazama mwisho wa korido. Alitazama tena. Jina lake lilikuwa limeshaitwa mara moja ndipo Bibi alipotokea akihema, mtoto mgongoni.

"Wametusimamisha mapokezi," alisema. "Mapokezi, mapokezi, mapokezi. Nimewaambia mjukuu wangu ndiye mtihani wenyewe, wanasema nipange foleni."

Hapakuwa na muda wa kitu kingine. Waliingia.

Mtahini alikuwa mwanamume mwembamba aliyekaa kwenye kiti kifupi cha watoto, magoti yamemfika kidevuni, maana hata yeye Mwalimu hakumruhusu kusimama. Saa ndogo ilikuwa mbele yake, na karatasi mapajani. Mwalimu alikuwa sakafuni karibu na ukuta, mikono imekunjwa. Saa ilibonyezwa.

Bosi alimtazama mgeni kwa makini, kisha akamwinamia Twiga.

"Huyu ndiye rais?"

Mwalimu alikohoa. Mtahini aliinua macho.

"Hapana," Twiga alinong'ona. "Huyu ni mtahini."

"Ni mkubwa kuliko rais?"

"Kwa leo, ndiyo."

Bosi alilipokea hilo kwa heshima. Alianza kusugua viganja vyake. Twiga aliona viganja vile vikizunguka, akaiona na saa.

"Bosi," alisema kwa upole, "leo tuanze na wewe. Mimi nitalala baadaye. Sawa?"

Viganja vilisimama. Bosi alimtazama Twiga, akamtazama mtu mkubwa kuliko rais, akaitazama saa ambayo hakujua kuisoma. Twiga alijiandaa kwa kelele. Kelele hazikuja.

"Haya," alisema Bosi.

Alilala chali mwenyewe. Akanyoosha mikono ubavuni, akakaza macho darini.

"Mtoto mtulivu," mtahini alisema kwa kuridhika, na kuandika kitu.

Twiga alipasha mikono, akakishika kisigino. Mguu ulikuwa mgumu kama mpini, mgumu kuliko wiki ya kwanza. Bosi hakulia. Hakupiga teke. Hakuuliza kama pua ya mtahini ina pembe nzuri, wala hakumwambia Twiga kwamba hajui kazi. Midomo yake ilikuwa imebanwa, imevutwa kidogo pembeni, kama tabasamu. Juu ya rafu nyuma yake alikaa Mvumilivu, mguu umeshagundishwa vizuri, na yeye pia alitabasamu vivyo hivyo.

Ingewezekana kabisa. Mtoto aliyenyamaza hivi angepimwa haraka, angesimamishwa kwenye vyuma, angetembea maana ameambiwa atembee, na muda ungebaki. Akilini Twiga aliiona ile kliniki ya ng'ambo ya ua, milango yake iko wazi. Hakumuuliza Bosi anafikiri nini. Jibu alilijua, aliwahi kulitoa mwenyewe, chali juu ya godoro hilihili.

Alikiweka kisigino chini taratibu.

"Samahani, Bosi," alisema. "Nimekosea. Ni zamu yako."

Bosi aligeuza macho tu, bado hajaamini. Mtahini aliegemeza kalamu kwenye karatasi.

"Dada, saa inakwenda. Bado hujafika kwenye kutembea."

"Naiona, mzee. Inaweza kusimamishwa kidogo?"

"Haiwezi."

"Sawa," alisema Twiga. "Asante."

Alilala. Alisikia pasi ya mama yake ikivunjika mgongoni, mkunjo kwa mkunjo. Akapandisha mguu juu ya mto mrefu na kungoja.

Kisha akasikia viganja vikisuguliwa, na pumzi fupi fupi zikipuliziwa. Mikono miwili midogo ikatua shavuni mwake.

"Ina baridi?"

Angeweza kusema hapana. "Bado kidogo," alisema, kwa sababu ilikuwa hivyo.

Bosi akasugua upya, bila haraka, kama mtu ambaye siku yote ni yake. Akapima tena shavuni. Akaridhika. Akajikokota hadi kwenye vyuma, akajivuta, akasimama kwa ncha za vidole vyake, akauzunguka mto kwa hatua zake za mwizi wa jikoni na kujipanga mbele ya unyayo. Bibi, kutoka kwenye mto wake wa ukutani, alifungua mdomo aseme neno. Kwa mara ya kwanza tangu ajulikane chumbani mle, akaufunga.

"Usikaze," alisema Bosi. "Nikikuumiza sema."

"Nitasema."

Akasukuma. Mtahini alitazama saa yake, akatazama karatasi yake, ambamo hapakuwa na mahali pa kuandika jambo kama hili. Mwalimu hakumtazama mtahini wala Twiga. Alikuwa ameinamisha kichwa pembeni, karibu na sakafu, akitazama nyuma ya mtoto, pale ambapo kisigino kimoja kilikuwa kikishuka.

Saa ikalia. Mtahini aliizima na kufunga kalamu yake, wala hakuwa na ukali. "Muda umekwisha," alisema.

Twiga hakuinuka.

"Bado kidogo," Bosi alimjibu mtahini bila kugeuka, viganja vyote viwili vikiwa kazini. Kisha kwa mgonjwa wake, kwa sauti ya chini zaidi: "Unakaza."

"Samahani," alisema Twiga, akaulegeza mguu.